Udzungwa: Msitu na Majirani Zake

Sisi wenyeji wa Ipagala, na wa nchi yote ya Ugogo, tumezoea kuona mbali. Mtu akisimama juu ya kilima kidogo tu, aona mbuyu wa jirani, zizi la mwenzake, na vumbi la ng'ombe wanaorudi kutoka machungani. Mvua yetu ni haba. Kwa wastani haifiki milimeta 600 kwa mwaka, na karibu yote hunyesha kati ya Desemba na Aprili. Baada ya hapo miti hupukutisha majani, nayo nchi hungoja. Kwa hiyo mtu wa kwetu akisikia neno "msitu", hufikiri kichaka cha migunga chenye njia za mbuzi. Msitu wenyewe hasa, ule ambao jua la saa sita halifiki chini, wengi wetu hatujauona.

Walakini msitu wa namna hiyo hauko mbali nasi sana. Uko katika Tanzania yetu hii, mwendo wa siku moja kutoka Dodoma, nao ni Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa. Mwezi Agosti mwaka 2025 tuliondoka kwetu watu kumi na mmoja: akina mama wanne wa WAWATA, vijana watano, katekista mmoja, na mimi karani wa parokia, tukaenda kuutembelea. Nawaandikia wasomaji yale tuliyoyaona, na hasa yale tuliyofundishwa na wenyeji wa huko. Maana msitu ule una watu wanaoujua, na watu wanaoulipia, nasi huku twala matunda yake pasipo kuwafahamu.

NJIA YA KWENDA

Tulipanda treni ya reli mpya, ile iendayo kwa umeme, iliyoanza safari zake kati ya Dar es Salaam na Dodoma mwaka 2024. Mzee katekista alichungulia dirishani akitafuta moshi, asiuone. "Basi," akasema, "hili si garimoshi tena, tutaliitaje?" Hatukupata jibu mpaka tulipopita mahandaki ya Kilosa na kushuka Morogoro.

Pale Morogoro tulipanda basi la Ifakara. Barabara hupita katikati ya Hifadhi ya Mikumi kwa mwendo wa kilomita 50 hivi, na msafiri aliyekaa kitini pake aweza kuona twiga, pundamilia, swala, na pengine tembo, bila kutoa jasho lolote. Vijana wetu walifurahi mno. Wakasema, "Kama hifadhi ndiyo hii, kumbe ni kazi rahisi!" Hawakujua bado kwamba Mikumi huonyesha, na Udzungwa huficha.

Katika mji wa Mikumi basi huacha barabara kuu ya kwenda Iringa, likapinda kushoto kuelekea Kidatu. Hapo nchi hubadilika. Kuna mashamba ya miwa ya Kilombero yasiyo na mwisho, kuna daraja la mto Ruaha Mkuu, kisha mashamba ya mpunga. Upande wa kulia umesimama mlima mrefu wa kijani, umeinuka ghafula kama ukuta, kichwa chake kimo mawinguni. Ukuta huo ndio Udzungwa. Tulifika Mang'ula, mahali zilipo ofisi za hifadhi, jua likiwa linatua nyuma ya mlima. Tukapata nyumba ya wageni, tukala wali wa Kilombero, tukalala.

KWA NINI KULE KUNA MVUA

Watoto watauliza: kwa nini Mungu amewapa wale mvua nyingi hivyo, nasi kidogo hivi? Jibu lake si gumu. Upepo utokao Bahari ya Hindi huja umebeba unyevu. Ukifika kwenye milima, hauna budi kupanda juu. Ukipanda hupoa, na ukipoa hauwezi tena kuushika unyevu ule, basi huudondosha kama mvua. Hivyo upande wa mlima uliotazama bahari hunywa sana, na upepo ukivuka mlima hushuka umekauka, kama mtu aliyekwisha kugawa mzigo wake njiani.

Milima ya Udzungwa ni ya mwisho, upande wa kusini, katika mlolongo wa milima ya kale sana unaoanzia Taita nchini Kenya na kupita Upare, Usambara, Nguru, Ukaguru, Uluguru na Rubeho. Wataalamu huuita Tao la Mashariki. Sisi wa nchi ya kati tuko kisogoni pa milima hiyo. Sehemu za Udzungwa hupata milimeta 2,000 za mvua kwa mwaka na zaidi, yaani mara tatu au nne ya mvua yetu. Na kwa kuwa milima hii imepata unyevu wa bahari kwa mamilioni ya miaka, hata nyakati ambapo nchi nyingine za Afrika zilikuwa zikikauka, viumbe vingi vilisalia humo ambavyo havipatikani mahali pengine popote duniani. Ni kama ghala ambalo halikupata kuishiwa.

Hifadhi yenyewe ilianzishwa mwaka 1992. Eneo lake ni kilomita za mraba 1,990. Chini, penye bonde la Kilombero, ardhi iko mita 250 tu hivi juu ya bahari, na kilele cha Luhombero kimepita mita 2,500. Msitu umepanda mfululizo tangu chini mpaka juu, jambo ambalo ni nadra katika Afrika Mashariki, maana mahali pengi msitu wa chini umekwisha kukatwa, umebaki wa vileleni tu.

KUTEMBEA NA KIONGOZI

Ndani ya hifadhi hii hakuna barabara ya motokaa ya kutazamia wanyama. Kila mtu, awe waziri au mkulima, hutembea kwa miguu, tena hutembea na kiongozi. Kuna njia fupi za kwenda na kurudi katika saa moja au mbili, na kuna njia ya kilele cha Mwanihana ambayo huchukua siku tatu, watu wakilala msituni. Sisi tulichagua njia ya maporomoko ya Sanje, ambayo huchukua saa nne hivi, ukipanda pole pole.

Kiongozi wetu alikuwa kijana mwenyeji wa vijiji vya pale, na pamoja naye askari wa hifadhi mwenye bunduki, kwa kuwa tembo na nyati wamo. Kabla ya kuingia alitupa masharti yake. Tutembee mmoja nyuma ya mwingine. Tusiguse jani tusilolijua. Tukiona siafu, turuke, tusisimame kuwatazama. Tusipige kelele. Kisha akamgeukia mzee katekista, akamwambia kwa heshima, "Na wewe mzee, ukichoka sema tu. Msitu hauna haraka." Mzee akajibu, "Mwenda pole hajikwai, mwanangu. Tangulia."

Dakika kumi za kwanza hatukuona kitu. Mtu wa nchi kavu aingiapo msituni huwa kama kipofu. Macho yetu yamezoea kutafuta mbali, na pale mbali hakuna. Kuna shina mbele ya pua yako, na nyuma yake shina jingine, na kamba za mwitu zinazoning'inia kutoka juu kama kamba za kengele. Kuna mikangazi na mivule ambayo ukitazama kichwa chake kofia huanguka. Miti mingine imetoa mizizi mipana pembeni, iliyosimama kama mbao za ukuta, ili isianguke, maana udongo wenye rutuba ni mwembamba na mizizi haiendi chini sana. Hewa ni ya baridi, yenye harufu ya majani yaozayo. Mama mmoja alinong'ona kwamba ni kama kuingia kanisani kutoka juani.

Kiongozi alisimama, akainua kidole. Hatukusikia neno. Akasema, "Sikilizeni majani." Ndipo tukasikia majani ya juu yakitikisika mahali pasipo na upepo, na mara tukamwona mbega mwekundu, kisha wa pili, kisha kundi zima. Mbega huyu ana kichwa chenye rangi ya kutu na mwili wa kijivu na mweusi, naye hapatikani ila katika milima ya Udzungwa na misitu michache ya karibu. Tena kiongozi alituonyesha jambo ambalo lilituvutia sisi watu wa ng'ombe. Mbega hula majani hasa, na tumbo lake limegawanyika vyumba vyumba, ili majani yachachuke humo kabla ya kumeng'enywa. Hacheui kama ng'ombe, lakini kazi ya tumbo lake ni karibu ile ile. Na mkononi kidole gumba amebakiwa na kijinundu tu, maana hana haja nacho; vidole vinne vyamtosha kujitupa kutoka tawi hata tawi kama kulabu.

Baadaye tulisikia mshindo hewani, kama mtu anayepunga mkeka mkubwa. Walikuwa hondohondo wawili, wakiruka juu ya miti. Ndege hawa wana desturi ambayo naiandika hapa kwa ajili ya akina baba. Wakati wa kutaga, jike huingia ndani ya tundu la mti, na mlango hukandikwa kwa udongo mpaka unabaki ufa mwembamba tu. Humo hukaa, akiatamia mayai na kulea makinda, salama na nyoka na kima. Muda huo wote dume ndiye aletaye chakula, safari baada ya safari, akimpitishia mkewe matunda kwenye ufa ule. Dume akifa, au akipotea, nyumba nzima imo katika hatari ya njaa. Akina mama wetu walicheka wakasema habari hii isomwe kanisani.

Chini ya miti mna viumbe vingine visivyoonekana kwa urahisi. Yumo minde, mnyama wa jamii ya paa, mweusi na mwenye aibu, ambaye katika dunia nzima huishi Tanzania peke yake. Yumo sange, mnyama mdogo mwenye pua ndefu kama mkonga, anayepekua majani makavu akitafuta wadudu. Hao hatukuwaona. Kiongozi alituonyesha tu mahali ambapo majani yamechokolewa, akasema, "Alikuwa hapa asubuhi." Tulijifunza kushukuru hata kwa alama.

Karibu na saa tano tuliyafikia maporomoko. Mto Sanje huanguka kwa ngazi tatu, jumla mita 170, na mvuke wake hulowesha uso kabla hujaona maji yenyewe. Ukisimama juu na kugeuka nyuma, waliona bonde lote la Kilombero limetandikwa chini, miwa na mpunga, reli ya TAZARA, na mabati ya nyumba yaking'aa. Ni mahali pamoja tu katika safari ile ambapo macho yetu ya Kigogo yalipata tena kuona mbali.

NANI ALIMGUNDUA NG'OLAGA?

Tukiwa tunapumzika pale, ilisikika sauti kutoka bondeni: mlio mmoja mrefu, kisha baada ya kimya, mfululizo wa sauti kama bata mzinga anayeguguma. Kiongozi alitabasamu. "Huyo ndiye," akasema, "mwenye Sanje."

Habari ya mnyama huyu yafaa kusimuliwa. Mwaka 1979 wataalamu wawili, Katherine Homewood na Alan Rodgers, walikuwa katika msitu huu wakichunguza wanyama wake. Wakasikia mlio ule ule, wasiutambue. Walijua kwamba kima wa namna hiyo huishi mbali sana, mpaka mto Tana huko Kenya. Huku hakuna kitabu kilichomtaja. Wakamwuliza mwenyeji aliyekuwa akiwaongoza. Yeye hakushangaa hata kidogo. Akawaambia kwamba ni ng'olaga, mnyama ajulikanaye na kila mtu pale, tena akawapeleka kijijini kumwona mmoja mchanga aliyekuwa akifugwa. Hivyo dunia ikapata habari ya kima mpya, ambaye leo huitwa kwa jina la Sanje, na ambaye haishi mahali pengine ila katika misitu miwili ya Udzungwa. Magazeti yaliandika kwamba amegunduliwa. Lakini kwa watu wa Sanje hakuwa amepotea.

Si yeye peke yake. Mwaka 1991 wataalamu wa ndege kutoka Denmark walikuwa kambini katika milima hii, wakaona ndani ya sufuria ya kitoweo miguu ya ndege wasiyemjua. Ndiye kwale wa Udzungwa, aliyetangazwa mwaka 1994 kuwa ndege mpya kwa elimu. Mwaka 2003 watafiti waliokuwa Rungwe, katika nchi ya Wanyakyusa, walifuata masimulizi ya wawindaji juu ya kima mwenye haya aitwaye kipunji. Wakamtafuta mpaka wakamwona. Mwaka 2004 wengine walimwona katika msitu wa Ndundulu, upande wa Udzungwa, na mwaka 2005 habari zake zikachapishwa. Jina la wawindaji likabaki kuwa jina lake duniani kote. Na yule sange mwenye uso wa kijivu, mkubwa kuliko sange wote wajulikanao, mwenye uzito wa gramu 700 hivi, alipigwa picha na kamera zilizotegwa msituni, akatangazwa mwaka 2008.

Sisemi haya ili kuwadharau wenye elimu. Mimi mwenyewe nimepita chuo cha ualimu, najua faida ya kitabu. Mwenyeji alimjua ng'olaga, lakini hakujua kwamba hayuko kwingine duniani. Hilo alilijua msomi. Msomi naye alijua orodha ya kima wote wa Afrika, lakini alimhitaji mwenyeji amwambie ni nani anayelia bondeni. Elimu mbili zilikutana njiani, zikasalimiana, na msitu ukapata kulindwa.

Tuliteremka kufuata sauti ile, na kiongozi, baada ya kutusimamisha mara nyingi, alituonyesha kundi la ng'olaga chini kabisa, ardhini, wakigeuza majani makavu kwa mikono yote miwili kama akina mama wanaochambua mchele. Mmoja alituinulia uso, tukaona kope zake nyeupe, kisha akaendelea na kazi yake.

KUNI ZILIZOKATAZWA

Kesho yake ilikuwa Jumapili. Tulisali Misa na waamini wa pale, ambao ni wa Jimbo la Ifakara, lililoundwa mwaka 2012. Baada ya Misa tukakaa chini ya mwembe, akina mama wa kwetu na wa kwao, na hapo ndipo tulipoelewa jambo ambalo kiongozi hakutuambia.

Hifadhi ilipoanzishwa, wanawake wa vijijini waliendelea kuruhusiwa kuingia siku maalumu kuokota kuni kavu. Lakini watu walikuwa wengi na kuni chache; ukingo wa msitu ukazidi kuchakaa. Mwaka 2011 ruhusa hiyo ilikoma. Tangu hapo kuni za kupikia hutafutwa kwingine: mwenye shamba hupanda miti yake, mwenye fedha hununua, na asiye na kimoja wala kingine huhangaika. Tena tembo waliohifadhika mlimani hushuka usiku kula mahindi na ndizi. Wenyeji wengine wamejaribu kuzungushia mashamba uzio wa mizinga ya nyuki, kwa kuwa tembo huogopa nyuki, na asali huuzwa. Husaidia, lakini haimalizi.

Mama mmoja mtu mzima, mwenye wajukuu, alituambia hivi: "Ninyi wanangu mmekuja kuona kima. Mimi kima namwona kila siku, yuko kwenye mahindi yangu. Kuni nilizokatazwa ziko kule juu, na maji ninayochota yanatoka kule kule juu. Nimepiga hesabu, nikanyamaza. Ila mtu asije akasema msitu umejitunza wenyewe."

Katika wenzetu alikuwapo mama ambaye huuza mkaa pale Ipagala. Mkaa ndio uliowasomesha watoto wake. Alimwuliza yule bibi, "Sasa mama, unapikia nini?" Akajibiwa, "Matawi ya miembe, mabua, na subira." Wakacheka wote wawili. Lakini njiani kurudi yule mama yetu hakusema sana. Hakuna aliyemlaumu, na asilaumiwe, maana mkaa ule ni sisi tunaoununua.

DENI LETU

Hapa ndipo nilipotaka kufika. Ukiona vyaelea, vimeundwa. Taa inayowaka Ipagala jioni, na treni ile isiyo na moshi, hutumia umeme wa gridi ya Taifa. Sehemu kubwa ya umeme huo hutokana na maji ya mito. Kihansi, katika mteremko wa Udzungwa, huzalisha umeme tangu mwaka 2000. Vijito vya upande wa mashariki wa Udzungwa huingia mto Kilombero, nao Kilombero huingia Rufiji, ambako mtambo wa kwanza wa bwawa la Julius Nyerere ulianza kazi mwaka 2024. Msitu ukikatwa, mvua ikinyesha hushuka yote kwa siku moja na udongo juu yake, kisha mto hukauka. Msitu ukisimama, mlima huyashika maji kama sifongo na kuyatoa kidogo kidogo mwaka mzima. Kwa hiyo bibi yule aliyekatazwa kuni anachangia taa yangu, nami sikuwa najua hata anakaa wapi.

Hata umeme wa maji una gharama yake. Pale Kihansi, mwaka 1996, alipatikana chura mdogo wa rangi ya dhahabu, ambaye hakuishi popote ila katika mvuke wa maporomoko yale, naye huzaa watoto walio hai badala ya kutaga mayai. Maji yalipoelekezwa mitamboni, mvuke ukapungua. Wengine walichukuliwa kwenda kulelewa Marekani. Mwaka 2009 chura yule alitangazwa kuwa ametoweka porini, na mwaka 2012 vizazi vya wale waliolelewa ng'ambo vikaanza kurudishwa kwao, mahali ambapo maji sasa hunyunyizwa kwa mabomba. Kazi kubwa na fedha nyingi zilitumika ili kurudisha kile ambacho Muumba alikiweka pale bure.

Sisi wa mkoa wa Dodoma si wageni wa habari hizi. Wazee wanakumbuka mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, ulioanza mwaka 1973. Mwaka 1979 mifugo yote iliondolewa katika sehemu za Kondoa zilizokuwa zimeliwa na mmomonyoko. Ulikuwa uchungu mkubwa. Kwa mfugaji, kuhamisha ng'ombe ni kama kuhamisha watoto. Lakini haikupita miaka mingi, nyasi zikarudi, na miti ikaota penye makorongo. Basi tunajua kwa miili yetu kwamba ardhi hupona, na kwamba kupona kwake hulipwa na mtu fulani. Haki yadai kwamba asilipe peke yake.

Baba Mtakatifu Fransisko, katika waraka wake Laudato Si' wa mwaka 2015, alifundisha kwamba hatuwezi kusikiliza kilio cha dunia tukaziba masikio kwa kilio cha maskini. Pale chini ya mwembe wa Mang'ula fundisho hilo halikuhitaji ufafanuzi. Kitabu cha Mwanzo chasimulia kwamba mtu aliwekwa bustanini apewe kazi mbili, kulima na kutunza. Ya kwanza tumeishika sana. Ya pili twaiacha kwa jirani.

KWA WANAOTAKA KWENDA

Familia au jumuiya ikitaka kutembelea Udzungwa, iende kati ya Juni na Oktoba, wakati njia hazitelezi. Mwananchi hulipa kiingilio kidogo kuliko mgeni wa nje, kwa shilingi, ofisini Mang'ula. Vaeni viatu vya kufunika, suruali au sketi ndefu, na nguo zisizong'aa. Chukueni maji ya kunywa, na takataka zenu mrudi nazo. Watoto wadogo wapelekwe njia fupi. Msiwape kima chakula hata kidogo, maana kima aliyeonja mkate wa mgeni ataufuata mpaka jikoni mwa mwenyeji. Kiongozi akisema simameni, simameni. Yeye amekwisha kusikia lile ambalo ninyi bado.

Tena msiondoke bila kukaa na wenyeji. Nunueni mchele wao, nunueni asali ya mizinga ile. Shilingi zinazobaki kijijini humfanya mtu aone kwamba mlima ule una faida kwake naye.

Huku kwetu, jumuiya tatu za Ipagala zimekubaliana kwamba mvua za Desemba zikianza, kila kaya ipande miti mitano ya kuni nyuma ya nyumba na kuilinda na mbuzi mpaka ishike. Mama wa mkaa ndiye aliyechaguliwa kugawa miche. Alisema anajua kuliko sisi sote miti gani inafaa kuchoma, kwa hiyo atajua ya kupanda.

Karani wa Parokia,
Ipagala, Dodoma